Gari Lililoupa Msafara Mgongo

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa fundi, hapa Mombasa, kwa sababu eisi yake, kile kipoza hewa, ilikuwa imeanza kupuliza hewa ya moto. Fundi akafungua grili ya mbele, akachukua mpira wa upepo, akaipuliza kondensa. Likatoka vumbi, na ndani ya vumbi zikatoka mbegu za nyasi, kavu na nyepesi, zenye harufu ya majani yaliyokaangwa na jua yakachanganyika na mafuta ya injini. "Madam," fundi akaniuliza akicheka, "hii gari ulikuwa unaipeleka malishoni?" Harufu ile ilikuwa imeshanifikisha Garsen, na nilikuwa darasa la nne, na mama yangu alikuwa amekasirika.

Wapita njia wakisimama Garsen kununua maji husema, "Hapa kuna joto." Sisi wa pale hatukuliita joto. Ilikuwa ni hewa tu, ndiyo tuliyopewa. Mchana kuku walishinda chini ya magari, mbuzi walipanda vibaraza vya maduka wakakataa kushuka, na watu wazima walizungumza kwa sentensi fupi. Kwa hiyo mama alipotangaza kwamba anataka baridi, tena baridi ndani ya gari, majirani walimtazama kwa huruma, wakaulizana kama analala vizuri usiku.

Nikujulisheni kwanza watu wangu. Mama ni Muorma, mtoto wa wafugaji wa mbuga za Garsen. Baba alikuwa mtu wa Nanighi, kule juu, kwa wakulima wa kingo za mto. Namna walivyokutana kila upande unaisimulia kwa kuulaumu mwingine, kwa hiyo naiacha. Baba aliacha jembe akanunua gari dogo la abiria, lenye umbo la mkate na injini chini ya kiti cha dereva. Kisha akafanya jambo ambalo Garsen ililizungumza kwa muda mrefu: akamfundisha mkewe kuliendesha. Walizunguka kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, mama akiwa ameshika usukani kama mtu anayemshika fahali pembe, na watu wakiwa wamejipanga kutazama. Mwaka wa mafuriko makubwa homa ikamchukua baba. Tukabaki mama, mimi na lile gari.

Alipotoka eda, mama aling'oa viti vya nyuma akaanza biashara ya maziwa. Mvua zile zilikuwa zimetuachia nyasi za kufika kifuani, ng'ombe waliokuwa hai walinenepa, na maziwa yakawa mengi hadi watu wakayamwagia mbwa. Wanawake wa Kiorma walikuja kutoka mbugani, wakipitia Idsowe, wamebeba madumu yaliyofukizwa kwa moshi wa kuni kama inavyotakiwa. Mama aliyapokea, akayanusa moja moja, akayapakia na kuyapeleka Malindi. Huko kulikuwa na mwenye hoteli ya chai, Mzee Awadhi, aliyekuwa tayari kununua yote, ilimradi yafike mazima.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Siku hizo barabara ilikuwa na majambazi wenye bunduki, na hakuna gari lililoruhusiwa kwenda peke yake. Magari yote yalikusanyika asubuhi, yakapangwa mstari mmoja, yakasubiri askari wa kuyasindikiza. Tulisema tunangoja msafara. Kungoja msafara ilikuwa kazi kamili, inayojitegemea. Watu walinyonyesha, walicheza bao, walichumbiana. Askari walikuja walipokuja. Maziwa hayajui kungoja. Mara kwa mara mama alifika Malindi, Mzee Awadhi akachota kidogo, akayachemsha kwenye sufuria yake ndogo, na maziwa yakakatika, yakawa mabonge na maji ya kijani. Mzee alitikisa kichwa kwa upole, na mama akageuza gari akarudi na madumu yote. Njia nzima gari lilinuka uchachu, na nguo zangu za shule pia.

Habari zikafika Nanighi. Kaka yake baba, niliyemwita Baba Mkubwa, akapanda lori akaja. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia safi na sauti ya kupoza ugomvi, na aliitumia sauti hiyo kusema mambo ya kuanzisha ugomvi. Aliketi kwenye mkeka wetu akasema, mbele ya majirani, kwamba gari la marehemu ni mali ya ukoo, na kwamba mjane hawezi kuzurura na askari barabarani. Liuzwe. Mama na mimi twende Nanighi, tupewe kipande cha shamba la migomba, tukae na watu wetu.

"Shemeji, nakuonea huruma," akamalizia.

"Huruma nimesikia," mama akasema. "Sasa sikia mimi. Maziwa inaharibika kwa sababu ya joto. Nikitengeneza baridi, haitaharibika."

Baba Mkubwa akacheka hadi kofia ikasogea. Mama hakucheka. Alimwambia mbele ya watu wote: panda gari langu uende na maziwa mpaka Malindi, uone kwa macho yako. Yakikatika kwenye sufuria ya Mzee Awadhi, ufunguo ni wako. Yakiwa mazima, usiniletee tena maneno ya Nanighi. Baba Mkubwa alikubali upesi, kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei nafuu.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika ungo wa mchele. Sikuwa na ubaya na Nanighi. Lakini nilijua kuwa huko nitakuwa mtoto wa marehemu, na Garsen nilikuwa Habiba. Nilichukia mpaka mchele ukamwagika.

Gari lile lilikuwa limetoka ng'ambo likiwa na eisi yake. Siku moja baba aligonga ngiri karibu na daraja. Ngiri aliamka akaenda zake. Kondensa haikuamka. Ilikaa pale puani mwa gari, nyuma tu ya grili, na ilipondeka pamoja na feni yake. Baba aliitupa, akasema upepo wa Mungu unatosha. Vilivyobaki, kompresa na mabomba na matundu ya hewa ndani, vilikuwa vizima. Haya alituambia Fundi Komora, mzaliwa wa Kilelengwani, aliyekuwa na gereji ya kivuli kimoja na maneno mengi. Akamweleza mama kazi ya kile kitu: gesi inazoa joto ndani ya gari, inalibeba mpaka mbele, na kondensa inalitupa nje. "Ni kama wewe Mama Habiba ukitoa takataka," alisema. "Pasipo pa kutupia, nyumba inanuka."

Mama aliipata kondensa Malindi, kwenye uwanja wa magari yaliyokufa, kutoka kwenye gari kubwa kuliko letu. Feni hakuipata. Kondensa aliileta imefungwa kwa shuka, na midomo ya mabomba imezibwa kwa vipande vya kandambili ili vumbi lisiingie. Nilipoifunua nilisikitika. Nilidhani nitaona kitu cha barafu. Niliona kitu kama kitana kikubwa cha bati, chenye meno membamba kuliko karatasi, na upande mmoja meno yote yalikuwa yamelala.

Kuyasimamisha meno yale ikawa kazi yetu mimi na mama. Fundi Komora alileta bisibisi, mama akamrudishia. Akachomoa kichwani kwake mwiba wa nungunungu, ule aliokuwa akinigawia nywele wakati wa kunisuka, akanipa na mimi wa kwangu. Tukaketi uso kwa uso, kondensa katikati yetu, tukaigawa mistari kama kichwa cha bibi harusi. Mama alinifinya nilipoharakisha. Wanawake waliopita walituuliza tunamsuka nani. "Namsuka mume wangu mpya," mama akawajibu, nao wakakimbia na maneno hayo hadi sokoni.

Kisha Fundi Komora akaifunga. Kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake, alikata vyuma vya kitanda chakavu akatengeneza mikono ya kuishikilia, na kila mahali chuma kilipokutana na kondensa aliweka kipande cha mpira wa tairi. Barabara yetu, alisema, ingeitikisa mpaka ipasuke. Mabomba aliyafungua dakika ya mwisho, akapaka mafuta mipira midogo ya viungo, akakaza kwa spana mbili, moja ikishika na nyingine ikizungusha, akigombana na chuma kwa Kipokomo. Wakaenda Malindi na mama bila maziwa, wakajaziwa gesi. Waliporudi mama aliniambia niweke kiganja kwenye tundu. Niliondoa mkono haraka. Nilikuwa sijawahi kuguswa na hewa ya namna ile, na nilikasirika kwamba kumbe siku zote ilikuwepo mahali fulani, na watu wengine wanaipumua.

Fundi Komora alituonya jambo moja. "Haina feni. Ikienda, itapata upepo wake. Ikisimama, sijui."

Na sasa sikilizeni kosa letu. Kwetu hakuna gari lililokatiza mbuga zile bila kuvishwa gunia puani. Mbegu za nyasi zilikuwa adui, ziliingia kwenye rejeta zikaziba mpaka injini ikachemka, kwa hiyo kila dereva alishona gunia akalifunga mbele ya gari lake. Mama hakutaka mume wake mpya atembee uchi. Alishona gunia zito la mkonge, akalikunja mara mbili, akalitia na pindo la uzi mwekundu, akaifunika kondensa yote vizuri. Tulilisifu sana gunia lile. Mama akalifukiza gari zima kwa chetezo, akazungusha moshi kila pembe kama ndani ya kibuyu, maana hakuona kwa nini chombo cha maziwa kiachwe bila kufukizwa eti kwa sababu kina magurudumu.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali tangu asubuhi. Tulipakia madumu, tukayafunika magunia yenye maji, tukafunga madirisha. Baba Mkubwa alikaa mbele. Mimi nilikaa katikati yao, miguu juu ya sanduku la injini. Kutoka nyumbani mpaka mahali pa kungojea msafara hewa ilikuwa ya baridi sana. Nilimwona Baba Mkubwa akivuta shuka lake begani, kisha akajifunika na masikio, na macho yakaanza kulegea. Nilifurahi nikadhani tumeshashinda.

Tukaingia kwenye mstari. Askari hawajafika. Mama hakuzima injini. Tukangoja, na jua likapanda, na hewa ya kwenye tundu ikawa vuguvugu, kisha ikawa pumzi ya kawaida, kisha ya moto. Baba Mkubwa akaamka, akajifunua masikio.

"Baridi imekwisha, shemeji," akasema kwa ile sauti yake. "Si kosa lako. Hii nchi haitaki."

Mama akashuka. Nikashuka nyuma yake. Akaweka mkono juu ya gunia akautoa hapo hapo. Lilikuwa la moto kama kikaango cha chapati. Alilitazama lile pindo lake jekundu kwa muda mfupi sana. Kisha akachukua kisu akalipasua kutoka juu hadi chini, akalitupa barabarani. Kondensa ikawa wazi. Tukasubiri. Hewa ikabaki ya moto.

Ndipo nikamwona akisimama katikati ya barabara ametulia, anatazama leso yake. Upepo ulikuwepo, kaskazi yenyewe, ulikuwa ukituvumia kwa nguvu kutoka nyuma, na ncha ya leso ilipepea kuelekea Malindi. Gari letu, kama magari yote, lilikuwa limeelekeza pua Malindi. Upepo ulikuwa unalipiga mgongoni, na pale mbele, palipouhitaji, hapakuwa na kitu.

Mama alipanda, akaling'oa gari kwenye mstari kwa fujo, watu wakaruka, akalizungusha zima na kulirudisha pale pale, pua kaskazini. Basi lililokuwa nyuma yetu sasa lilitutazama uso kwa uso, na dereva wake akabaki mdomo wazi. Magari yote ya msafara yalielekea upande mmoja, na letu peke yake lilielekea upande wake.

Baba Mkubwa akashika kichwa. "Shemeji, unatuaibisha!"

"Shuka basi, ukakae na ambaye hana aibu."

Hakushuka. Nje lilikuwa jua la kuua.

Askari wakafika na lori lao. Mkubwa wao, kijana wa bara mwenye miwani myeusi, alikuja akigonga bati la gari letu kwa fimbo.

"Mama, geuza hii gari."

"Sigeuzi."

"Unasema?"

"Nasema sigeuzi, afande. Ukisema tuende, nitageuka. Saa hii hatuendi. Nikigeuza hii gari saa hii, maziwa yangu inakufa."

"Hii ni sheria ya msafara! Magari yote inaangalia mbele. Hao watu wakitokea huko nyuma, wewe utatoroka aje?"

Mama alitoa kichwa dirishani. Sauti yake waliisikia hadi kwenye basi.

"Wakitokea huko nyuma, watakuta gari moja tu inawaangalia usoni."

Nawaambieni ukweli, kwetu hakuna aliyemjibu askari hivyo na akabaki na meno yote. Kisha mwanamke mmoja ndani ya basi akapiga kigelegele. Wakaitikia wengine. Askari alivua miwani, akatazama basi, akatazama mama, akaweka kiganja chake kwenye tundu letu la hewa kupitia dirishani, akiwa anajifanya anachunguza. Akakiacha pale kwa muda. Hewa ilikuwa imeanza kupoa.

"Utatoka wa mwisho," akasema. "Na vumbi utakula."

"Nitakula."

Tulitoka wa mwisho na vumbi tukala, la magari yote yale, hadi Baba Mkubwa akawa na nyusi nyeupe. Lakini gari lilipokuwa likienda kondensa ilipata upepo wake, na kila msafara uliposimama njiani, mama alizungusha pua kaskazini. Mara ya mwisho askari walikuwa wakitutazama tu na kucheka, na mmoja alituonyesha upande upepo ulikotoka.

Malindi, nyuma ya hoteli yake, Mzee Awadhi alileta sufuria. Alichota dumu la kwanza, akawasha stovu. Baba Mkubwa alisimama karibu, amenyoosha shingo. Wahudumu wakaja. Mimi nilikuwa mbele kuliko wote, nikiyasemesha maziwa kimoyomoyo kwa Kiorma, Kiswahili, na maneno niliyoyasikia kwa Fundi Komora. Nikamtafuta mama nimshike mkono, hakuwepo. Alikuwa amerudi garini, ameketi kwenye usukani, injini inanguruma, na pua ya gari ilikuwa imeelekezwa kwenye geti.

"Habiba," akaniita, "njoo upande."

Nilikataa. Niliona aibu kwa ajili yake. Niliwaza: ameshindana na askari mwenye bunduki, sasa anaogopa sufuria. Maziwa yakapanda, yakafura hadi kwenye ukingo, meupe, mororo, bila bonge hata moja. Mzee Awadhi akayashusha, akayanusa ule moshi wake, akasema, "Haya, leteni madumu." Baba Mkubwa alikunywa kikombe cha chai ya maziwa yale, halafu cha pili, na alirudi Nanighi bila kuutaja ufunguo. Hakuutaja tena, na mimi miaka yote nilisimulia kisa hiki kama kisa cha kondensa iliyotuokoa.

Jioni ile ya mwezi uliopita, nilipotoka kwa fundi wa Mombasa, nikampigia mama simu. Ni mzee sasa, yuko Garsen ile ile ninakokwenda kumwona kwa gari, na bado hapendi kuulizwa mambo. Nilimwambia kuhusu zile mbegu za nyasi akacheka. Nikamuuliza, kwa nini siku ile hukuja kutazama sufuria, uliogopa?

"Niogope nini? Maziwa nilikuwa nimeionja njiani."

"Sasa gari uliliwasha la nini?"

Kabla hajajibu, mimi, mwanamke mzima, mwenye gari langu na ugomvi wangu, nikaanza kuliona lile geti lililokuwa wazi, na mlango wa upande wangu uliokuwa wazi pia. Nilikuwa nimeamini kwamba maisha yetu yalikuwa ndani ya sufuria ile. Niliamini kwamba mama, aliyetoa ahadi mbele ya majirani wote, angeshuka na kukabidhi ufunguo kama maziwa yangekatika. Ubishi wake wote niliuona pale barabarani, na ule mkubwa zaidi ulikuwa mbele ya macho yangu nikauita woga.

"Mama," nikasema, "maziwa yangekatika je?"

"Ningekutupa ndani ya gari, twende nyumbani," akajibu. "Baba yako mkubwa angetafuta basi."